Mia Nne Kumi na Saba, Harwood

Milango ya lifti ilifunguka bila kuitwa na mtu. Uyen alikuwa peke yake kwenye meza ya mapokezi, na hakuinua macho mara moja. Alijua hatamwona mtu. Alingoja kwanza harufu ifike.

Ilifika. Mifupa ya ng'ombe iliyochemka tangu usiku, tangawizi na vitunguu vilivyounguzwa juu ya moto, mdalasini kidogo. Ilitambaa juu ya marumaru, ikavipita viti vya ngozi ambavyo hakuna aliyewahi kuvikalia, ikaja ikasimama mbele yake kama mteja anayesubiri kuhudumiwa. Lifti ilibaki wazi. Ilibaki wazi vile inavyobaki mtu anapoizuia kwa mkono ili mwenzake aliye nyuma awahi.

Wilmer, aliyekuwa akitunza jengo lile tangu lizinduliwe, alitoka stoo na ndoo yake ya kudekia.

"Imeanza tena?"

"Imeanza."

"Fundi wa lifti kila akija anasema ni nzima. Nikamwambia, bwana, nzima gani hii inayoachama kama bibi anayesinzia kanisani?" Akanusa. "Na hii supu jamani. Kuna mtu humu ndani anapika vizuri na hajawahi kunikaribisha. Huyo ana roho mbaya."

Uyen akatabasamu na kuinamisha uso.

"Ni mwezi," Wilmer alisema, akishusha sauti kidogo. "Mwezi ukiandama, mwezi ukijaa. Nimekuwa nikiangalia. Kwetu El Salvador bibi yangu angejua la kusema. Ila bibi yangu naye alikuwa na la kusema kwa kila kitu."

Alibonyeza kitufe. Milango ikaanza kufunga, ikafika katikati, ikarudi nyuma polepole, kama iliyogusa bega la mtu.

Jengo lile, Larkspur, lilikuwa jumba la fleti, refu, la vioo vitupu. Wapangaji wake walikuwa vijana wenye mbwa na baiskeli za kukunja, na wengi wao hawakujua kwamba barabara ile ya Harwood, kuanzia kituo cha treni mpaka kanisani, iliwahi kuitwa Saigon Ndogo. Ilianza zamani, Uyen hajazaliwa. Mji ulikuwa umeichimba barabara yote kupitisha treni ya chini ya ardhi, vumbi likafukuza wenye maduka, na wenye majengo wakawapangisha watu waliokuwa ndiyo kwanza wameshuka kutoka Vietnam, kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kukaa ukingoni mwa shimo. Wakakaa. Wakauza vitambaa, dhahabu, machipukizi ya choroko kwenye ndoo. Mzee Luc akaweka cherehani dirishani. Baba yake Uyen, Mzee Toan, akaweka sufuria ya supu. Kisha treni ikafika, kodi ikapanda, na mmoja mmoja wakahamia kwingine, Falls Church nje kidogo ya mji, Houston, California. Mzee Toan aliapa kwamba atakuwa wa mwisho kuondoka, na kweli alikuwa wa mwisho, mpaka figo zilipomlaza hospitali. Akiwa huko, mkewe alitia sahihi karatasi ya kuhama. Alikusudia kumwambia akipata nafuu. Hakupata nafuu.

Meza ya mapokezi ilikuwa pale pale iliposimama sufuria. Uyen alikuwa amepima kwa macho, akitumia mnara wa kanisa na kona ya barabara. Siku moja alikuja tu kupatazama, akaona tangazo la kazi, akaingia. Nyumbani alisema amepata kazi katika ofisi moja mjini. Alikuwa mtu wa kumeza maneno, na neno hilo alilimeza likakaa.

Kaka yake alimpigia simu jioni hiyo hiyo. Jina lake Khai, lakini nyumbani walimwita Kaka wa Pili ingawa ndiye kifungua mimba. Kwa watu wa kusini mtoto wa kwanza haitwi wa kwanza, mapepo yasije yakamtambua. Uyen, wa mwisho, alikuwa Kitinda.

"Kitinda, Mama amekataa tena kupasuliwa," Khai alisema. "Daktari amemwambia vali ya moyo imechoka, haitamaliza majira ya baridi. Unajua amemjibu nini? 'Nitamuuliza mume wangu.' Daktari akasema sawa, mama, njoo naye wiki ijayo."

"Ukamwambiaje daktari?"

"Ningemwambia nini? Nilitazama viatu vyangu."

Wote wawili walijua maana yake. Karamu ya kila mwaka ya kukumbuka siku aliyokufa Baba ilikuwa Jumapili. Mama angepika, angewasha udi, angemwita, kisha angerusha sarafu mbili kumuuliza kama amekuja. Sarafu zilikuwa za kale, zenye tundu katikati, zimepakwa chokaa upande mmoja. Nyeupe moja na nyeusi moja, amekubali. Nyeupe mbili, anacheka tu. Nyeusi mbili, amekataa. Tangu wahamie Falls Church, Baba hakuwahi kukubali. Kila karamu sarafu zilianguka nyeusi mbili, mara tatu mfululizo, na Mama alikaa mbele ya chakula kinachopoa mpaka wajukuu walipolia njaa.

"Anasema Baba amekasirika kwa sababu ya ile sahihi," Khai alisema. "Na anasema mwaka huu akikataa tena, basi. Hatakubali kupasuliwa. Ataenda akamwombe msamaha uso kwa uso."

Uyen alishika simu kwa mikono miwili.

"Sasa sikiliza," kaka yake akaendelea, kwa sauti ya mtu anayezungumza akiwa amejifungia chooni. "Nimenunua chokaa, na sarafu mbili kama zile. Sarafu moja naipaka pande zote mbili. Nyingine naiacha nyeusi pande zote mbili. Hata azirushe kwa mguu, zitasema ndiyo."

"Kaka, huyo ni Baba."

"Na yule ni Mama. Nikose adabu kwa yupi?"

Jumapili ukungu ulishuka mpaka kwenye madirisha ya nyumba ya Khai. Mama alikuwa amesimama jikoni tangu alfajiri, mdomo wake ukiwa na rangi ya zambarau, akimfukuza kila aliyetaka kumsaidia. Alipika nyama ya nguruwe kwa maji ya dafu na mayai. Alipika supu ya karela, chungu, kama mumewe alivyoipenda. My, mke wa Khai, aliruhusiwa kuosha majani tu.

"Mkwe wangu anaosha majani kama anamwogesha mtoto mchanga," Mama alisema. "Kesho kutwa yatakuwa safi."

"Mama, kaa hata kidogo," My alimwambia.

"Nikikaa nani ataninyanyua? Wewe, na mikono hiyo?"

Saa sita walikusanyika mbele ya meza ya wazee. Picha ya Baba ilikuwa katikati, amevaa suti iliyoshonwa na Mzee Luc, uso mkavu kama wa mtu anayedaiwa tabasamu. Bakuli lake la wali lilijazwa, vijiti vya kulia vikalazwa juu yake, bia ikafunguliwa. Miaka yote Uyen alikuwa jikoni wakati huu, akikaanga vitu vya mwisho, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya kitinda mimba. Mwaka huu Mama aliyumba wakati wa kuwasha udi, na Uyen akaruka kumshika kiwiko. Akabaki hapo, sikio lake karibu na mdomo wa mama yake.

Mama hakuwahi kuomba kwa sauti. Wazee hawapigiwi kelele. Aliomba kwa mnong'ono wa haraka, maneno yakifuatana kama shanga katika uzi, jinsi mama mkwe wake alivyomfundisha. Alitaja mwezi na siku. Alitaja jina la marehemu na kijiji chake karibu na Sa Dec. Alitaja jina lake mwenyewe na majina ya watoto. Halafu, kwa Kiingereza cha kishamba lakini kisichokwama popote, akasema mahali.

"Mia nne kumi na saba, Harwood."

Ilikuwa anwani ya Larkspur.

Simu ilitetemeka mfukoni mwake. Aliichungulia bila kuachia kiwiko cha mama yake. Ujumbe ulitoka kwa Wilmer, aliyekuwa zamu. *Lifti imefunguka. Leo haitaki kabisa kufunga. Harufu mpaka barabarani. Mbwa wa yule dada wa ghorofa ya tisa amelala chini mlangoni, hataki kupita.*

Mama alichukua sarafu kutoka kwenye kisahani, akazipasha moto kwa viganja, akazirusha.

Zikaanguka nyeusi mbili.

Uyen alimtazama kaka yake. Khai alikuwa amefungua mdomo. Alipiga magoti, akaokota sarafu ile aliyoipaka chokaa pande zote mbili kwa mkono wake mwenyewe, akaigeuza, akaigeuza tena. Ilikuwa nyeusi. Haikuwa na hata vumbi la chokaa, ilikuwa kavu na inang'aa, kama iliyosuguliwa kwa kidole gumba cha mtu mwenye subira.

"Nini?" Mama akauliza.

"Hamna, Mama," Khai alisema, akiifumba sarafu mkononi.

"Usiniambie hamna. Nimeona." Mama hakuzitazama sarafu. Alikuwa anaitazama picha. "Sawa, Toan. Nimekusikia. Sitakusumbua tena." Akaanza kujifuta mikono kwenye nguo yake, taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi ya siku nyingi.

Uyen alijua kwamba akimeza neno hili, litakuwa la mwisho.

"Mama, Baba umemwita wapi?"

"Nimemwita hapa. Ningemwita wapi?"

"Umesema mia nne kumi na saba, Harwood."

Mama alimtazama kama anayemtazama mtoto aliyesema jambo la kitoto. Kisha midomo yake ikaanza kusogea. Alikuwa anaipitia sala moyoni, ushanga kwa ushanga, na wote waliona pale alipofika.

"Ndivyo inavyosemwa," alisema polepole. "Babako ndiye aliyenifundisha. Tulipofika, sikujua hata neno moja la nchi hii. Aliniambia, maneno haya uyajue, la sivyo wazee wetu watavuka bahari bure. Alinikalisha kitandani akanisomesha mpaka nikaweza kuyasema usingizini. Mimi nayasema tu. Siyafikirii."

"Kila mwezi ukiandama?" Uyen aliuliza. "Na ukijaa?"

"Na udi wangu wa asubuhi, ndiyo. Kwa nini?"

Hapo ndipo Uyen alipolitoa lile neno jingine. Alilitoa akiangalia sakafu. Alisema ofisi yake ya mjini haikuwa ofisi, ilikuwa jengo lililosimama pale pale, na nambari yake haikubadilishwa, bado ni mia nne kumi na saba. Alisema kuna lifti, na kwamba siku hizo hufunguka yenyewe. Alisema ananusa supu.

My alimvuta mwanawe karibu. Khai alikuwa bado na ile sarafu mkononi.

"Kwa hiyo amekuwa akija," Mama alisema.

"Nadhani anakuja, Mama. Anafika, hatuoni."

"Na wewe unakaa pale. Kila siku."

"Ndiyo."

"Na hujawahi kumsalimia babako?"

Mama alikuwa ameshafika mlangoni, anatafuta kiatu chake cha pili.

Khai aliendesha gari kwenda Harwood. Kiti cha mbele kiliachwa wazi, Mama alikataa kukikalia. Alikaa nyuma na Uyen, mapajani amepakata kopo la mchanga na kijiti kimoja cha udi ambacho hakijawashwa. Njiani aliuliza mara moja tu kama pale ndani kuna baridi, na Uyen akasema kiyoyozi ni kikali, na Mama akatikisa kichwa kwa huzuni.

Mbwa alikuwa bado amelala mlangoni, masikio chini, na bibie wa ghorofa ya tisa anamvuta kamba na kuomba radhi kwa kila mtu. Mama alimvuka yule mbwa. Ndani, ukumbi ulikuwa umejaa. Uyen asingeweza kuieleza hali ile kwa namna nyingine. Viti vilikuwa vitupu, marumaru ilikuwa tupu, Wilmer peke yake amesimama kando ya meza na ndoo, na bado ilibidi upenye upande upande, kama sokoni siku za mkesha wa mwaka mpya. Hewa ilikuwa na uzito wa watu wanaongoja bila kulalamika. Wilmer mwenyewe alikuwa amebana mgongo ukutani na hakujua kwa nini.

"Ndiye mama?" alinong'ona.

"Ndiye."

"Mama, samahani sana, ule udi, king'ora cha moshi kitapiga, watakuja zimamoto na mimi nitaulizwa..."

"Anasema nini huyu?" Mama aliuliza.

"Anasema king'ora kitalia."

"Mwambie akizibe. Nina shughuli na mume wangu."

Wilmer alivua kofia yake, akapanda juu ya kiti cha ngozi ambacho hakuna aliyewahi kukikalia, akakifunika king'ora.

Mama akawasha udi. Alisimama mbele ya lifti iliyo wazi, mdogo, nywele zimemtoka kwenye kibanio, kifua kikipanda na kushuka. Mle ndani taa ilikuwa inawaka juu ya sakafu safi na kioo. Katika kioo alionekana Mama, na nyuma yake Uyen, na nyuma ya Uyen ukungu uliokuwa umeingia bila mlango kufunguliwa.

"Toan," Mama alisema. Hakunong'ona. "Ni mimi. Nimekuita mahali ambapo sipo, na umekuja, na ukanikosa, na hukuchoka. Kosa langu. Duka halipo, unaona mwenyewe. Karatasi nilitia sahihi mimi. Ukitaka kunigombeza, utanigombeza nyumbani, chakula kinapoa. Twende."

Udi ulipinda. Majivu yake hayakuanguka, yalijikunja kama ukucha na kubaki. Milango ya lifti ikafunga, taratibu, hadi mwisho, na ukumbi mzima ukapumua.

"Mwenyezi Mungu," Wilmer alisema kutoka juu ya kiti.

"Usigeuke nyuma," Mama alimwambia Uyen, na wakatoka kuelekea garini, Khai alikokuwa akingoja. Mbwa alikuwa amesimama. Alisogea kando kuwapisha, kisha akaendelea kusogea, kana kwamba waliokuwa wanapita walikuwa wengi kuliko wale wawili.

Marehemu anayehamishwa huambiwa njia. Hajui, barabara si zake tena. Ni juu ya walio hai kumwambia kila kona na kila daraja, la sivyo anabaki kwenye maji. Mama alianza, pumzi zikamwishia, na Uyen akapokea.

"Baba, tunakata kulia," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Baba, hii ni taa, tunasimama kidogo."

Hapo gari likaanza kulia. Mlio mfupi, mkali, wa kurudia. Kwenye dashibodi kikawaka kialama chekundu cha mtu aliyekaa kiti cha mbele bila kufunga mkanda.

Khai aliangalia kiti. Kilikuwa kitupu. "Ni kihisi cha kiti hicho," alisema. "Hili gari lina kihisi kibovu."

"Mfunge babako mkanda," Mama alisema.

Khai alinyoosha mkono, akauvuta mkanda juu ya kiti kitupu, akaufunga. Mlio ukanyamaza.

"Baba, daraja," Uyen alisema. "Tunavuka maji. Usitazame chini."

Walikuwa wamefika ng'ambo mlio ulipoanza tena. Safari hii kialama kilionyesha kiti cha nyuma, cha katikati, kati ya Uyen na mama yake. Uyen alihisi paja lake la kushoto limepoa, taratibu, kama unapokaa karibu na mtu aliyetoka mvuani. Kulikuwa na harufu nyingine sasa, ya pasi ya moto juu ya kitambaa kibichi.

Mama alinusa. "Luc," alisema. "Watoto wake wako Houston. Nao bila shaka wanamwita Harwood." Akajivuta dirishani. "Sogea, Kitinda, usimbane mzee wa watu."

Uyen alisogea. Alivuta mkanda wa katikati kwa vidole vilivyokufa ganzi na kuufunga juu ya hewa. Kaka yake alikuwa analia bila sauti na anaendesha vizuri sana.

Nyumbani Mama hakukaa. Aliweka bakuli lingine la wali kando ya mlango, nje kidogo ya kizingiti, kwa kuwa mgeni asiye wa ukoo hakai meza moja na wazee wa nyumba, lakini pia haachwi na njaa. Kisha akasimama mbele ya picha, akaanza kuomba, akakwama.

"Siijui," alisema.

"Huijui nini, Mama?" Khai aliuliza.

"Hii nyumba. Sijui inaitwaje. Nyinyi ndio mnaonipeleka na kunirudisha."

Uyen alisimama karibu naye, akamshika mkono. "Ishirini na sita," alisema.

"Ishirini na sita."

"Njia ya Alder."

"Aluda."

"Alder, Mama."

"Nimesema Aluda. Ataelewa, alinifundisha yeye hivyo hivyo."

Walirudia mpaka ikatiririka. Mama aliomba upya, mwanzo hadi mwisho, na alipofika kwenye anwani hakukwama. Alipounyoosha mkono kwenye kisahani, Khai alimzuia. Alitoa sarafu mbili mfukoni, zile za kweli, akaziweka kiganjani mwa mama yake.

"Hizi ndizo," alisema. "Usiniulize."

"Kaka wa Pili," Mama alisema, "wewe tangu utoto hujui kuiba. Kidole chako kina chokaa tangu asubuhi."

Akarusha. Nyeupe moja, nyeusi moja. Hakutabasamu. Akaziokota, akazipasha moto tena, akaufunga mdomo na kuuliza jambo moyoni, na akarusha mara ya pili. Nyeupe moja, nyeusi moja.

"Umemuuliza nini?" Khai alisema.

"Mpigie daktari," Mama alisema, na ndipo akakaa.

Alilazwa wiki iliyofuata. Asubuhi ya upasuaji karani wa mapokezi alimuuliza anapoishi, na Mama akasema, kwa sauti iliyofanya watu wageuke, ishirini na sita, Njia ya Aluda. Wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu. Muuguzi alimsukuma kwenye ujia mrefu, Uyen upande huu, Khai upande ule.

Lifti ilikuwa mwisho wa ujia. Walikuwa bado mbali nayo, muuguzi hajanyoosha mkono, ilipofunguka.

Ilikuwa tupu. Ilibaki wazi. Na harufu ikaja, mifupa na tangawizi na mdalasini, juu ya harufu ya dawa.

"Vizuri, inatusubiri," muuguzi alisema.

Khai alikamata chuma cha kitanda. Mama alikuwa ameinua kichwa kwenye mto, na macho yake yalikuwa na mwanga ambao Uyen hakuupenda. Lilimjia wazo kwamba hakuna aliyejua Mama aliuliza nini moyoni siku ile. Sarafu zilisema ndiyo. Ndiyo, pasuliwa. Au ndiyo, nitakuja kukuchukua.

Muuguzi alisukuma. Uyen alitangulia, akasimama kati ya kitanda na mlango ule. Ujia ulikuwa na watu wengi na alikuwa mtu wa haya, lakini alisema, na alisema kwa sauti.

"Shikamoo, Baba." Akainamisha kichwa. "Asante kwa kuja. Hapa si nyumbani, hapa tunapita tu. Mama tutamrudisha sisi. Wewe katangulie, utusubiri. Ishirini na sita, Njia ya Alder."

Muuguzi alimtazama Khai. Khai alitazama viatu vyake.

Milango ikafunga. Walisikia lifti ikishuka, ghorofa kwa ghorofa, ikiwa haina mtu. Ikachukua muda. Ilipopanda tena na kufunguka ilinuka sabuni.

"Umemwambia nini babako?" Mama aliuliza, akirudisha kichwa kwenye mto.

"Nimemwambia akatusubiri nyumbani."

"Hapendi kuamrishwa, yule. Amekubali?"

Kabla Uyen hajajibu, simu ya Khai ililia. Ilikuwa My, aliyebaki nyumbani na watoto, na alizungumza kwa nguvu kiasi kwamba wote walimsikia.

"Khai, nani aliacha jiko linawaka? Nimezunguka nyumba nzima, kila kitu kimezimwa, lakini inanukia supu mpaka chumba cha watoto. Na kiti kile kikubwa cha mezani kimevutwa nyuma. Mtoto anasema si yeye."

Uyen alichukua simu.

"Wifi," alisema, "weka bakuli moja zaidi mezani. Na usikisogeze kile kiti. Tukimaliza huku tunakuja."